Kabla ya kupima udongo, kaa na Bibi

Najua wengi mnasubiri sehemu ya pili ya makala ya kupogoa parachichi, na wapo walioshanitumia ujumbe wa kunikumbusha, wengine kwa ukali kidogo. Itakuja. Leo naomba mnivumilie niongelee habari ya nyumbani kwetu. Imenikaa kooni tangu masika, na ukiisoma hadi mwisho utaona ni habari ya shamba vilevile.

Mimi kazi yangu ni kuuliza. Nikifika kwa mkulima, kabla sijagusa jani, nauliza historia: hapa ulilima nini msimu uliopita, maji huwa yanasimama wapi, samadi uliweka lini, shamba ulilipataje. Nina madaftari ya kata nzima. Lakini kihamba nilichozaliwa, kule Kilema, sikuwa nimekiandikia hata mstari mmoja. Kitu pekee nilichonacho ni sauti ya Bibi mzaa baba kwenye simu yangu, dakika 14.

Kwa wasiofahamu, kihamba ni shamba la nyumbani la Mchagga, pale mteremkoni mwa Mlima Kilimanjaro. Juu kuna miti kama miruka ya kuleta kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe yuko bandani, samadi yake inarudi kwenye migomba. Na wenyewe tukifa tunazikwa humohumo. Kwa hiyo mtu akikwambia anagombania kihamba, hagombanii eka tu. Anagombania na makaburi.

Bibi hakujua tarehe yake ya kuzaliwa. Alichojua ni kwamba aliolewa mwaka ule Wachagga walipomchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, na hiyo ni 1951. Alisema alikuwa msichana wa miaka kumi na sita au kumi na saba. Ukipiga hesabu unapata umri wake, zaidi au pungufu kidogo. Alikuja na vitu vichache: vyungu, jembe, na machipukizi manne ya mshare kutoka kwa mama yake, ile ndizi tunayopikia mtori wa wazazi. Shina la mshare lililo nyuma ya jiko letu leo ni mjukuu wa machipukizi hayo. Hilo nililijua nikiwa na miaka 38 na diploma ya kilimo.

Babu alikuwa mtu wa kahawa. Eneo letu kahawa ni ya siku nyingi. Wamisionari Wakatoliki waliipanda pale Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wazee wetu wakaichukua wakaifanya yao. Chama cha wakulima Waafrika wa kahawa kilianzishwa Kilimanjaro mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Babu aliuza kupitia ushirika maisha yake yote, na ada za shule za baba yangu zilitoka huko. Lakini utaratibu wa nyumba ulikuwa huu: kahawa ni ya mwanamume, ndizi ni za mwanamke. Bibi alipalilia kahawa, aliichuma, aliimenya na kuianika, ila hela alikuwa haioni. Hela yake ilikuwa kwenye mkungu wa ndizi, maziwa, na mbege aliyoipika kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi.

Na hapo ndipo nataka vijana mnaopenda kujiita wakulima wa kibiashara mnisikilize. Huyu mama hakujua kusoma zaidi ya jina lake, lakini alikuwa mfanyabiashara kuliko wengi tunaohudhuria semina. Alfajiri alikuwa anashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, anarudi na mzigo kichwani kupanda mlima, kisha siku ya soko anashuka tena na ndizi hadi Himo. Alijua bei ya mkungu inashuka lini na inapanda lini, na alikuwa anachelewesha au kuwahisha kuvuna kwa kufuata siku za soko na sikukuu. Desemba, watu wote wanaporudi nyumbani Krismasi, yeye alikuwa na mbege na ndizi za kutosha. Hiyo tunaiita kupanga msimu wa soko, tunaifundisha kwa projekta.

Babu alifariki 1974. Watoto saba, mkubwa ni baba yangu, na wa mwisho, baba mdogo, alikuwa bado ananyonya. Bibi akashika bomba la mrututu mwenyewe akanyunyizia kahawa, kazi iliyokuwa ya wanaume. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, vikaja kurudi miaka ya 1980. 1989 mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa ukavunjika na bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 wakaja wanunuzi binafsi. Mimi haya niliyasoma chuoni kama historia ya zao. Bibi aliyaishi kwenye sufuria. Bei ilipoanguka alianza kung'oa mibuni kidogo kidogo, akianzia kona ya chini, akaweka migomba. Sababu yake aliniambia kwa kifupi: kahawa inakulipa mara moja kwa mwaka na bei anaipanga mtu ambaye hutamwona, ndizi inakulipa kila siku ya soko na bei mnapangiana macho kwa macho.

Sijui kama nakubaliana naye moja kwa moja. Kahawa ya sasa, ukipata miche ile inayovumilia chulebuni na kutu ya majani kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungo, ina hesabu tofauti. Tuliwahi kubishana hilo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza mimi nina mibuni mingapi. Sikuwa na hata mmoja.

Sasa nije kwenye zile dakika 14.

Ilikuwa Desemba, siku mbili baada ya Krismasi. Nyumba imejaa, watoto wanapiga kelele. Kazini nilikuwa nimetakiwa kuandaa maelezo kuhusu aina za asili za ndizi, nikaona Bibi atanirahisishia kazi. Tukakaa nje, nikawasha kinasa sauti cha simu. Akaanza vizuri: mshare, kitarasa, ipi inastahimili jua, ipi inaanguka upepo ukija, ipi inataka samadi nyingi. Kama kawaida ya wazee, ndizi moja ikamkumbusha mahali, mahali pakamkumbusha mtu. Dakika ya tisa anasema pale chini karibu na mruka mkubwa palikuwa na mfereji wa zamani, wa wakati wa baba mkwe wake, ukafukiwa. Migomba ya pale haikuwahi kupenda, masika udongo wake unalia maji. Dakika ya kumi na moja anasema hivi, nimeisikiliza mara nyingi hadi naikariri: "Hii ya ng'ambo ya mfereji si ya babu yako. Niliinunua mimi kwa mtamba na hela ya mbege, mwaka ule ushirika ulipovunjwa. Tukapanda masale siku ileile. Na hii nimesema, siku nikiondoka, hii iwe ya..."

Na hapo inasikika sauti yangu. Ya kitaalamu kabisa. "Sawa Bibi, tutarudi huko. Hebu kwanza turudi kwenye ndizi."

Akacheka, akasema, "Haya baba, ndizi." Tukarudi kwenye ndizi.

Hatukurudi huko tena. Alifariki miezi minne baadaye, masika, wakati barabara ya kwetu haipitiki na jeneza lilipandishwa kwa mabega. Tulimzika kando ya Babu.

Matanga hayajaisha vizuri, maneno yakaanza. Kwa mila yetu mtoto wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka, na hilo hakuna aliyelipinga. Shida ilikuwa kile kipande cha ng'ambo ya mfereji, kama robo eka hivi. Shangazi yangu, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, ndiye anayekilima kwa miaka zaidi ya ishirini. Ndiye aliyemuuguza Bibi. Yeye anasema mama alimwambia kipande kile ni chake. Baba mdogo anasema kihamba ni kimoja, hakuna cha ng'ambo wala cha huku, na mtoto wa kike haridhi ardhi ya ukoo. Na mwanawe, mdogo wangu kabisa, kijana mwenye bidii, alikuwa tayari ameongea na mtu wa mikopo na anataka eneo lote lipimwe ili apate hati na aendeleze parachichi.

Aliyemuuzia Bibi alishakufa. Mashahidi wamekufa. Karatasi haikuwahi kuwepo. Mwaka 1976 karatasi ilikuwa ni masale. Kwa mgeni, masale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaouheshimu sana: ndio mpaka wa shamba, na ndio unaompelekea mtu ukitaka kuomba msamaha. Ila masale nayo yana udhaifu. Hayasemi yalipandwa na nani, na mtu akiyang'oa usiku hayapigi kelele. Mstari wa ng'ambo ya mfereji ulikuwa umebaki na mashina matano yaliyotawanyika.

Kwenye kikao cha kwanza cha ukoo nikasimama nikasema ninayo sauti ya Bibi. Nikaweka simu mezani. Wazee wakasogea. Wengine walianza kulia walivyomsikia tu akicheka mwanzoni. Ikafika dakika ya kumi na moja. Mtamba, mbege, mwaka wa ushirika, masale. Shangazi akainua uso. Halafu ikaja ile "iwe ya", na halafu nikaja mimi na ndizi zangu.

Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Shangazi aliinuka akaenda jikoni.

Vikao vilikuwa vitatu. Nisiwachoshe na yote, yako ya kuudhi na yako ambayo si yangu kuyasema. Ile rekodi haikumpa shangazi kipande chote, lakini ilifanya kazi moja kubwa: ilithibitisha kwamba kile si kihamba cha Babu bali ni mali aliyonunua Bibi kwa jasho lake. Kwa hiyo hoja ya mtoto wa mwisho haikugusa pale; ni mali ya mama, na watoto wake wote waliobaki wana haki, wa kike kwa wa kiume. Mzee mmoja aliyekuwa katibu wa kijiji zamani akakumbusha pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, haikubali mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Baba yangu na baba yangu wa kati wakasema sehemu zao wanamwachia dada yao. Shangazi wa pili, aliyeolewa Rombo, naye vilevile. Baba mdogo alikaa kimya vikao viwili. Cha tatu alisaini muhtasari, lakini sehemu yake hakuiachia, na hadi leo mkono wake kwa shangazi ni wa salamu tu.

Ningemwacha Bibi amalize sentensi moja. Sekunde tano. Labda angetaja jina la shangazi, labda angetaja la baba mdogo, siwezi kujua. Lakini ndugu wawili waliokuwa wanakula chungu kimoja wasingekuwa wanasalimiana kama watu wa kituo cha basi.

Na parachichi? Mdogo wangu hakusubiri vikao. Masika ileile alipanda miche 40 ya Hass iliyobebeshwa, mita saba kwa saba, mashimo mazuri, samadi ya kutosha. Nilimsifu kwa simu. Mstari wa chini ulipita palepale karibu na mruka mkubwa. Miezi mitano baadaye ananitumia picha: majani yamepauka, yananing'inia, miche inakauka kuanzia kwenye ncha. Nikaenda, nikang'oa mmoja, mizizi ilikuwa myeusi inakatika kama uzi mbovu. Kuoza kwa mizizi. Kile kimelea cha Phytophthora kinapenda udongo uliojaa maji, na parachichi haliwezi kabisa kukaa na miguu kwenye maji. Tukachimba kando, futi tatu chini tukakuta mawe yaliyopangwa kwa mkono. Mfereji wa baba mkwe wake Bibi. Juu umefukiwa, chini bado unapitisha maji yake kama kawaida.

Miche 14 ilikufa, yote ya upande ule. Na mimi nilikuwa na onyo hilo mfukoni tangu Desemba, dakika ya tisa. Sikuwa nimelisikiliza, maana nilikuwa natafuta ndizi.

Kwa hiyo vijana, mnaponiuliza gharama ya kupima udongo, nawajibu na nitaendelea kuwajibu, vipimo ni muhimu. Lakini kipimo kinakwambia udongo wa leo una asidi kiasi gani na umepungukiwa nini. Hakikwambii kwamba zizi la ng'ombe lilikuwa kona ile kwa miaka thelathini ndiyo maana mahindi yako pale yanafunga sana, wala kwamba migomba ya kisukari ilinyauka yote sehemu fulani. Hilo la mnyauko ni la kuzingatia sana, kwa sababu fangasi wake hukaa ardhini miaka mingi hata baada ya migomba kuondoka. Ukirudisha kisukari palepale umetupa hela. Anayejua ni yule aliyepalilia pale. Na mara nyingi aliyepalilia ni mwanamke, wakati sisi tukienda kuuliza habari za shamba tunakaa na babu barazani.

Mkiniuliza mfanyeje, nitasema nilichojifunza kwa kukosea. Usimhoji akiwa amekaa sebuleni. Mpeleke shambani, hata kama ni kwa kumshika mkono taratibu, maana mguu ukikanyaga mahali kumbukumbu inakuja yenyewe. Miaka usimuulize kwa namba. Muulize ilikuwa kabla ya Uhuru au baada, kabla ya Azimio la Arusha, wakati wa vita vya Kagera, mwaka wa mvua za El Nino. Ukishapata tukio, tarehe utaitafuta mwenyewe: 1961, 1967, 1978, 1997. Muulize maji yalikuwa yanatoka wapi na zamu ya mfereji ilikuwa ya nani. Muulize kila kipande kilipatikanaje: cha kurithi, cha kupewa, cha kununua, cha kuazimwa. Hicho cha kuazimwa ndicho kinachoua undugu, kwa sababu baada ya miaka arobaini aliyeazima anaona ni chake na aliyeazimisha ameshazikwa.

Na akitoka nje ya mada, mwache atoke. Betri ikiisha, chaji.

Wewe unayekodi shamba mbali na kwenu usiseme haikuhusu. Mtafute bibi wa jirani, mpelekee sukari kilo moja, kaa naye nusu saa. Utasikia pale mafuriko yalifika wapi, na nani aliwahi kukodi kabla yako na kwa nini aliondoka. Halafu chimba shimo la futi mbili, jaza maji jioni, asubuhi nenda kaangalie. Kama bado yapo, usipande parachichi hapo bila mitaro ya kutoa maji.

Kuhusu hati, wengi mnaitaka kwa ajili ya mkopo na siwalaumu. Ila mimi si mwanasheria, nasema nilichokiona: kwa ardhi ya kijiji, kabla ya hatimiliki ya kimila watakuja kuhakiki mipaka, na majirani wa pande zote wanatakiwa wasimame pale waseme ndiyo, mpaka ni huu. Kama mwenye ardhi ameshafariki, mtaanzia kwenye kikao cha ukoo na muhtasari wake, kisha mahakamani kumthibitisha msimamizi wa mirathi. Haya yote ni mepesi mzee akiwa hai na akili timamu. Akishaondoka, kila mpaka unakuwa na maoni mawili.

Mdogo wangu amehamisha parachichi upande wa juu. Pale chini kwenye mfereji wa zamani ameweka magimbi, na yanakwenda vizuri sana, gimbi halina ugomvi na maji. Wiki iliyopita nilimkuta na shangazi ng'ambo ya mfereji, wanajaza mashina ya masale pale yalipokatika. Baba mdogo alikuwa amesimama upande wake, mikono nyuma, anaangalia. Hakusema kitu, lakini alikuwa amewaletea panga.

Shangazi ana miaka 66 sasa. Nimemwomba Jumamosi tutembee shamba lote, mimi na yeye, simu ikiwa imewashwa. Amekubali kwa sharti moja, nisimuulize habari za ndizi.